Glavu za Mto Lea

Tottenham, London
18 Oktoba 1970

Wifi yangu mpenzi Mardhiya,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Kutoka kwa mama yangu, Ba, sitasema, maana hajui kwamba nakuandikia. Yuko jikoni anagombana na jiko la gesi. Ni mzima. Anakohoa kidogo asubuhi na miguu yake inalalamikia ngazi za fleti hii, lakini anakula vizuri na kulaumu vizuri, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Kaka yangu Jayanti hajambo? Duka linakwendaje? Katika barua yako iliyopita ulinipa habari za mvua, za paka na za harusi ya jirani, ukasahau habari za mumeo.

Sasa nina jambo, na tafadhali usicheke. Nimejiunga na klabu ya kupiga makafi.

Mto Lea unapita nyuma ya mtaa wetu. Tangu tuhamie hapa, kila Jumamosi nikitoka kununua mboga nilikuwa nasimama darajani kuwatazama wanawake wawili wawili ndani ya mitumbwi myembamba, wanakwenda kasi mpaka maji yanapasuka mbele yao kama kitambaa kinachokatwa. Mmoja wao ni Ann, ambaye meza yake ofisini inatazamana na yangu. Mwenzake alihamia Thamesmead kwenye majumba mapya, kiti chake kikabaki kitupu. Siku moja Ann akanitazama tukinywa chai, akasema, "Geeta, wewe una mabega." Wifi, nina miaka thelathini na tisa. Nimeambiwa nina akili, nimeambiwa nina ulimi, nimeambiwa nimechelewa kuolewa. Hakuna aliyewahi kuniambia nina mabega.

Nimekwenda tangu Agosti na nimepata furaha ambayo sijui niieleze vipi. Tatizo limeanza sasa, baridi ilipoingia. Vidole vyangu vinageuka vyeupe kama chaki, halafu vinapotea. Naviona vipo, lakini si vyangu. Daktari kasema damu yangu haipendi baridi, nivae glavu au niache. Kuacha sitaki. Machi kuna mashindano ya wawili wawili, na mimi na Ann tumejiandikisha.

Wewe ni fundi wa kushona. Nieleze: mtu anayeshika mti uliolowa asubuhi nzima kwenye baridi avae glavu ya namna gani? Najua hujawahi kuvaa glavu tangu uzaliwe. Lakini nguo unazijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Wifi yako anayetetemeka,
Geeta

—

Mombasa
6 Novemba 1970

Wifi Geeta,

Assalamu alaikum. Tumo katika Ramadhani, tumefunga, na Mungu ametupunguzia joto kidogo. Barua yako niliisoma adhuhuri nikacheka mpaka nikataka kwenda kuuliza kama kucheka kunabatilisha saumu. Wewe, uliyekuwa ukikunja sari juu kwa vidole viwili ukiona kidimbwi cha mvua! Mama yangu anakusalimu, anasema mabega yako aliyaona zamani, ila hakuulizwa.

Kaka yako hajambo, anakusalimu.

Haya, tuje kwenye glavu. Mimi baridi siijui, hilo ni kweli, kwa hiyo nimemtafuta anayeijua. Kuna kiwanda cha barafu karibu na gati ya samaki, na nina mtu wangu pale. Nilimsomea barua yako. Akasema mambo mawili. La kwanza, sufu usivae, maana sufu ikinywa maji haikuachii. La pili, kabla ya kuchagua chochote uangalie maji yanaingilia wapi, kwani mkono mkavu kwenye baridi ni taabu ndogo, mkono wa maji kwenye upepo ndio taabu kubwa.

Nijibu basi. Maji yanaingia kwa juu, penye kifundo, au yanapita kwenye mshono? Kafi unalishika kwa kiganja au kwa vidole? Kidole gani kinatangulia kupotea? Na Ba anasemaje juu ya mchezo huu? Mimi Ba sitamtumia salamu, maana hazitapokelewa, lakini kikohozi chake mpe tangawizi na asali.

Wako,
Mardhiya

—

Tottenham
22 Novemba 1970

Wifi yangu Mardhiya,

Nakuombea mwisho mwema wa Ramadhani. Sisi Divali yetu imepita kimya kimya. Ba aliwasha taa dirishani na jirani wa chini, bibi wa Kiairishi, akapanda kuuliza kama umeme wetu umekatwa. Ba akampa peremende za maziwa. Sasa ni marafiki, ingawa hawana lugha hata moja ya pamoja. Tangawizi imesaidia. Nilimwambia ni ushauri wa daktari.

Barua yako ilikuja nikiwa nimekwisha kuvaa glavu za sufu, kwa hiyo mtu wako wa barafu alichelewa kuniokoa. Zilikunywa mto mzima. Kila nikiinua kafi maji yanatiririka mpaka kwenye kwapa. Jumamosi iliyofuata nikavaa glavu za ngozi za kutokea. Zilipokuwa kavu zilikuwa tamu. Zilipolowa zikateleza kama sabuni, na nilipoziweka karibu na hita zikakauka zikawa ngumu kama maganda ya nazi. Ann akanipa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Zile zilizuia maji ya nje, lakini mkono ulitoa jasho, jasho likapoa, nikawa nimebeba maji yangu mwenyewe.

Mwisho nikaazima glavu nene za wapiga mbizi. Nilidhani nimefika. Mkono ulipata joto kweli, ila unene wake ulitaka kubaki umenyooka wakati mimi nataka kukunja. Kila pigo la kafi napigana na glavu kwanza, maji baadaye. Mikono ikakakamaa mpaka kwenye viwiko. Karibu na daraja kafi likaniponyoka, nikainama kulidaka, na mtumbwi ukapinduka. Wifi, maji yale! Sikuweza hata kupiga kelele. Ann alitokeza pembeni yangu akiwa na jani kichwani, akasema, "Angalau mabega yako yanaelea."

Lakini mwalimu wetu, Leonard, hakucheka. Ni mtu mpole, mfanyakazi wa reli. Alinifunga blanketi akasema, "Geeta, mtu asiyehisi kafi lake ni hatari kwa mwenzake. Ukifika mwisho wa Januari hujapata dawa ya mikono, kiti chako nitampa mwingine." Ana haki. Nililia njiani, na nilipofika nyumbani Ba akaona nguo mbichi akasema mwanamke mwenye akili haingii mtoni mwezi wa Novemba, wala mwezi mwingine.

Maswali yako: maji yanaingia kwa juu. Kafi nalishika kwa vidole zaidi kuliko kiganja. Cha kwanza kupotea ni kidole cha pete, ambacho hata hivyo hakina kazi. Nakutumia mchoro wa viganja vyangu na kipimo cha unene wa kafi.

Na Jayanti? "Hajambo anakusalimu" ndivyo watu wanavyoandika kwa karani wa posta. Niandikie habari zake za kweli.

Geeta

—

Mombasa
9 Desemba 1970

Wifi Geeta,

Idi imepita salama. Nilishona magauni mpaka usiku wa kuamkia sikukuu, na miguu yangu ilikuwa bado inakanyaga cherehani hata nikiwa nimelala. Mama mzima. Paka kazaa ndani ya kapu la vitambaa. Tunashukuru kwamba hukuzama, na huyo Ann namtakia kila heri.

Nilimsomea mtu wa barafu barua yako. Alisikiliza yote, pale penye kupinduka akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Kisha akasema: "Sisi pale hatuvai glavu. Kila mgeni huja na glavu, na kila mmoja huzitupa." Kazi yao ni kuvuta mapande ya barafu kwa kulabu zenye mpini wa mti. Wanachofanya ni hiki: wanashona mfuko wa turubai kuuzunguka mpini, mkono unaingia mle ukiwa mtupu na kuushika mti wenyewe. Upepo haufiki, maji hayafiki, na kiganja kinaujua mti.

"Mwambie Geeta," akasema, "asiuvalishe mkono. Alivalishe kafi."

Nilikaa nikitazama mchoro wa mikono yako, nikaona aibu kwamba fundi mzima sikufikiria. Basi nimekata. Nje nimeweka nguo ya mwavuli, ile nyeusi isiyopitisha maji. Ndani nimeweka flaneli, na katikati nimepitisha mshono uliolala ili usikukwaruze. Mfuko unafungwa kwenye kafi kwa vifungo, mkono unaingilia upande wa chini, na penye kifundo nimeweka mpira wa kubana, maji yasipande.

Nimejaribu mwenyewe. Nilijaza beseni barafu, nikaufunga mfuko kwenye mwiko wa pilau, nikatumbukiza mkono huku Mama anaimba. Aliimba mpaka akachoka na kidole cha pete kikawa bado changu. Mkono mwingine, uliokuwa na glavu ya kawaida niliyonunua kwa mabaharia, uliniuma hata kabla hajamaliza ubeti. Majirani wanasema nimepagawa.

Kifurushi kinakuja kwa ndege pamoja na barua hii. Kaka yako hajambo.

Mardhiya

—

Tottenham
28 Desemba 1970

Wifi Mardhiya,

Heri ya Idi iliyopita. Huku ni Krismasi, kila kitu kimefungwa, theluji imeanguka na Ba amekaa dirishani kuitazama kama mtu anayemkagua mgeni. Hajaipenda lakini hajaiondokea.

Mifuko yako imefika. Nilipoifunga kwenye kafi wenzangu walicheka, Ann akaiita masikio ya tembo. Tukaingia mtoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, kando ya mto kuna utando wa barafu. Nikangoja vidole vipotee. Tukapita daraja la kwanza, tukapita la pili, tukageuka, navyo bado vipo, vyote, nahisi hata mikwaruzo ya mti. Nilipiga kelele ya furaha mpaka bata wakaruka. Tuliporudi, wale waliocheka walipanga foleni kutia mikono yao humo.

Lakini lazima nikuambie ukweli. Leonard alitaka tupinduke makusudi penye maji mafupi, aone kama mikono inatoka. Wa kulia ulitoka. Wa kushoto ulishikwa na mpira wa kubana. Si kwa muda mrefu, ila niliona chini ya mto zaidi kuliko nilivyotaka. Leonard akasema, "Joto lipo. Sasa nitafutie mlango. Sitamruhusu mtu ashindane mkono wake ukiwa umefungwa." Amenipa mpaka Februari.

Jambo la pili. Nilipougeuza mfuko ndani nje ili ukauke, niliona alama za chaki za fundi: vipimo. Na tarakimu zake ni za Kigujarati. Wewe, wifi, huandiki Kigujarati. Nilikaa na kile kitambaa mapajani.

Jayanti yuko wapi? Yuko wapi hasa, anafanya nini, na kwa nini anayajua mambo ya barafu?

Sijakasirika. Niambie tu.

Geeta

—

Mombasa
10 Januari 1971

Wifi yangu Geeta,

Salamu kutoka kwa Mama na kwangu. Leo salamu zake Jayanti ni zake kweli, kwa sababu amekaa hapa mbele yangu, anajifanya anasoma gazeti.

Aliniapisha nisiseme. Jana nilimwonyesha barua yako, akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mwandikie."

Duka halipo. Mwaka juzi walimnyima leseni ya biashara kwa kuwa pasi yake ni ya Kiingereza. Alizunguka ofisi zote kutafuta ukarani. Kila mahali walimpa kiti, wakampa maji ya kunywa, hawakumpa kazi. Kisha akaja jirani yetu Himid, msimamizi wa kiwanda cha barafu, akasema kwa haya kwamba iko kazi ya kubeba, kama si kumvunjia heshima. Jayanti akaenda siku ileile. Mimi sioni aibu, Geeta. Anatoka alfajiri, anarudi na harufu ya samaki na ya maji baridi, anakula, anacheka kuliko alivyokuwa akicheka dukani. Msikitini wanamwita Jamali, kiwandani wanamwita Muhindi wa Barafu, mimi namwita jina mlilompa nyinyi.

Aibu yake iko mahali pamoja tu. Siku aliponioa Ba alimwambia, "Utarudi kwangu mikono mitupu." Nawe unamjua. Tangu hapo hajaandika kwenu. Hataki Ba ajue kwamba duka limekwenda, asije akaona alisema kweli. Kwa hiyo nakuomba, Ba usimwambie.

Lakini tangu barua yako ya kwanza ya glavu, kila jioni akirudi swali lake ni hilo: "Geeta kaandika?" Vipimo ni vyake. Mfuko wa kwanza aliupasua mwenyewe, akasema kidole gumba kimebanwa. Na mpira wa kubana ulikuwa wazo lake; nilipomsomea kwamba mkono wako ulishikwa, hakula.

Sasa anasema mpira uondolewe kabisa. Mdomo wa mfuko uwe mpana kama wa faneli, na ukingo wake utiwe kitambaa kigumu, kile cha ndani ya kola ya shati, ili usimame wazi wenyewe. Nashona mingine. Ikiisha naituma.

Wako, bila ya siri,
Mardhiya

—

Tottenham
21 Machi 1971

Wapenzi wangu Mardhiya na Jayanti,

Nawaandikia nyote wawili, kwanza kwa salamu, kisha kwa habari nyingi zilizorundikana. Mlisikia bila shaka: barua yako ya Januari ilifika, na siku mbili baadaye watu wa posta nchi nzima wakagoma. Haikuingia barua wala haikutoka mpaka mwezi huu. Mifuko mipya haijafika. Nikabaki na ile ya zamani na tarehe ya Leonard inakaribia.

Wifi, sikumwambia Ba. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Jioni moja ya Februari nilikaa mezani nikijaribu kufumua mpira kwa wembe. Unajua mikono yangu na sindano. Ba alinitazama mpaka akashindwa kuvumilia. "Lete hapa kabla hujakata meza." Akavaa miwani, akaugeuza mfuko, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Nani kashona?"

"Mardhiya."

Akaendelea kuupapasa ule mshono. Kisha akasema, "Huyu ni mtu asiye na haraka." Mnajua kwamba kwa Ba hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Akafungua zaidi ili apate mwanzo wa uzi, akaiona chaki. Akausogeza mfuko kwenye taa. "Nilimchapa kwa saba hii," akasema. "Kila jioni nilimwambia, saba isimame, saba isimame. Bado anailaza."

Akaniuliza, "Anafanya kazi gani?" Nikajifanya nakusanya nyuzi. Akauliza tena, na macho yake hayakuwa ya mtu anayetafuta ushindi, kaka. Yalikuwa ya mtu anayeuliza njia. Nikamwambia.

Halafu akaanza kufumua mpira taratibu, huku anasema, "Barafu inakula ngozi. Ana mafuta ya kupaka? Mke wake anampaka mafuta?" Nikasema sijui. "Uulize," akasema. Nilimsomea maelezo yako ya mdomo mpana. Akakata kola ya shati la marehemu baba, lile la buluu ambalo hakuwahi kukubali niligawe, akaitia ukingoni. Leonard alitupindua tena mtoni, mara kadha wa kadha, mikono ikatoka kama inatoka mifukoni mwa koti. Akanirudishia kiti changu.

Mashindano yalikuwa Jumapili iliyopita. Mvua, upepo wa mbele, mto una rangi ya chai ya maziwa. Nilipomuaga Ba asubuhi alikuwa bado kitandani. Tulianza vibaya, tukagonga mtumbwi wa watu wa Hertford. Katikati ya safari wale waliovaa glavu walianza kusimama kuzikamua. Mmoja alikuwa anapuliza vidole huku analia. Sisi tulikuwa tunakwenda. Ann ananihesabia, mimi nahisi kafi, maji yanaitika.

Tukatokea kwenye kona ya mwisho, na juu ya daraja nikaona mwavuli, na chini ya mwavuli Ba, amevaa sari na koti langu la zamani na buti za bibi wa Kiairishi, naye bibi mwenyewe yuko pembeni. Ba anapiga kelele kwa Kiswahili, "Vuta! Vuta wewe! Vuta!" kama alivyokuwa akiwafokea wachukuzi bandarini Mombasa. Ann akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia. Tukavuta. Tuliwapita wawili kabla ya mwisho, tukawa wa nne, na nilipotoa mikono ilikuwa na joto kama mikate.

Niandikieni upesi.

Geeta

—

Mombasa
3 Aprili 1971

Wifi yangu Geeta,

Alhamdulillahi kwa barua yako. Mama anasema wa nne ni wa kwanza aliyeona haya. Sisi huku posta walikataa kupokea kitu chochote cha Uingereza. Kifurushi nilikipeleka wakanirudishia, nikakiweka kabatini na paka akakilalia. Sasa nakituma, mmpe Ann.

Barua yako nilimsomea Jayanti. Nilipofika kwenye ile saba aliichukua akaisoma mwenyewe, akatoka nje uani, akakaa na watoto wa paka. Aliporudi aliuliza kitu kimoja tu: "Alisimama upande gani wa daraja?" Nijibu hilo, maana bado anauliza. Na mwambie Ba kwamba mafuta ya nazi nampaka kila jioni, mikono yote miwili, na ngozi yake ni nzuri.

Sasa lililobaki. Februari hati yake ya kuingia Uingereza ilitoka, pamoja na ruhusa yangu kama mkewe. Watu wanaingoja miaka. Ameikunja akaitia ndani ya Kurani na hataki kuizungumza. Nilipomlazimisha alisema, "Siendi mahali ambapo mke wangu atasubiri mlangoni." Nikamwambia labda mlango umefunguka. Akasema, "Ba kauliza habari zangu. Zako hajauliza." Ni kweli, wifi. Aliusifu mshono. Mshono si mimi.

Na kwa vile hakuna aliyeniuliza, nawe umo, najisemea mwenyewe: mimi nataka kuja. Mama ana dada zangu. Nimechoka kuipima baridi kwenye beseni. Nataka niitie mkono palepale ilipo. Nataka kuuona huo mto. Lakini sitaingia nyumba ambayo mwenyewe hakuniita. Si kiburi. Ni kwamba ngazi ni ndefu, na kushuka kwake kungeniuma.

Wako,
Mardhiya

—

Tottenham
18 Aprili 1971

Wifi yangu Mardhiya,

Sisi wazima. Jua limetoka siku nne mfululizo na Waingereza wamevua mashati kama wendawazimu. Mwambie Jayanti: upande wa kushoto, ukitazama mto unakokwenda. Alishika chuma cha daraja kwa mkono mmoja, na mwavuli ulikuwa unampa bibi wa Kiairishi mvua yote.

Barua yako nilimsomea Ba. Sikupunguza neno. Uliposema mshono si wewe, aliinua kichwa. Nilipomaliza aliniambia nirudie pale pa mlangoni. Nikarudia. Akaenda kulala.

Asubuhi yake nilikwenda kazini. Niliporudi hayupo. Wifi, Ba hajawahi kutoka peke yake tangu tufike nchi hii. Basi anaogopa, barabara anaogopa, Kiingereza chake ni "thenki yu" na "nou gudi". Nilishuka nikagonga kwa jirani, hajamwona. Nikakimbia mpaka sokoni, nikarudi. Kumbe anapanda ngazi, taratibu, amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kwa gazeti. Uso umemwiva.

"Ulikuwa wapi?"

"Sokoni. Nilionyesha kwa kidole."

Akaweka mzigo mezani akafungua gazeti. Kikaango, kipya, kizito, kipana. Nikamwambia tunavyo vikaango viwili. Akasema, "Hivyo ni vyetu."

Sikumwelewa. Nyumba yetu, unajua, tangu nizaliwe haijaingia samaki. Hata yai halijaingia. Mjomba alipokula nyama safarini Ba alimtengea kikombe mwaka mzima.

Akakiosha, akakikausha, akakitundika msumari wake peke yake upande wa pili wa jiko. Kisha akakaa, akavua viatu, akaniambia chukua kalamu, na haya ni maneno yake kama alivyoyasema kwa Kiswahili chake, nami sijagusa hata moja:

"Mardhiya. Mimi Ba. Wewe kuja. Samaki pika mwenyewe, mimi sijui. Dirisha nitafungua mimi."